Louis XVI, Empire, Mwigo wa Napoleon III au Kibweta cha Vito: Uchukue Kipi?

Binamu yangu wa Brussels alinipigia simu Jumamosi moja akiwa amesimama katikati ya duka la vitu vya kale. Mbele yake kulikuwa na kabati la droo tatu lenye marumaru juu, mkononi ameshika kibweta cha vito kinachong'aa kama dhahabu, na muuzaji ameshamwambia kwamba vyote viwili ni "Louis XVI". Fedha aliyokuwa nayo ilitosha kimoja. "Nichukue kipi?" Nikamuuliza: kitakaa wapi? Alikasirika kidogo, maana yeye alitaka jibu, si swali. Haya hapa ndiyo majibu ambayo simu ile haikuyatosha.

Kwanza kuna maneno mawili ya Kifaransa ambayo kila mnunuzi anapaswa kuyajua kabla hajafungua pochi. Katika katalogi za Ufaransa, "époque Louis XVI" maana yake kitu kilitengenezwa enzi zenyewe. "Style Louis XVI" maana yake sura ndiyo hiyo, lakini kingeweza kutengenezwa mwaka 1880 au mwaka juzi. Amri ya serikali ya Machi 1981 inambana muuzaji kwa neno la kwanza: akiliandika, anawajibika nalo. Akiandika la pili, hajakuahidi umri wowote. Muuzaji wa binamu yangu hakuandika lolote kati ya hayo, alitamka jina la mfalme tu.

Tunavyovilinganisha hapa ni vinne, vyote vya ukoo mmoja wa neoklasiki ya Kifaransa, yaani mtindo ulioiga sanaa ya Ugiriki na Roma ya kale. Cha kwanza ni samani ya enzi ya Louis XVI mwenyewe, 1774 hadi 1792. Cha pili ni samani ya Empire, yaani miaka ya Napoleon wa Kwanza kuwa kaizari, 1804 hadi 1815. (Kati ya hizo mbili kuna Directoire, 1795 hadi 1799, mtindo mwembamba na mkavu kidogo ambao ni daraja tu, ukiupenda, usome habari za Empire na upunguze dhahabu.) Cha tatu ni mwigo wa karne ya 19, hasa wa enzi ya Napoleon III, 1852 hadi 1870, ambao mafundi wa Paris waliendelea kuufanya mpaka mwisho wa karne. Cha nne ni kibweta cha vito. Kwa umri, vibweta vingi vilivyoko sokoni ni vya kundi la tatu, lakini nimekitenga kwa sababu kinanunuliwa, kinabebwa na kinaharibika kwa njia zake.

Vigezo vyangu ni vitano: sura, ufundi, uhakiki, makazi na mfuko. Kwa makazi nakusudia hewa ya chumba, wadudu, matumizi ya kila siku na mipaka ya nchi utakayovuka nacho. Wauzaji wengi huanza na sura na kumalizia na bei. Mimi nimeona watu wakiumia zaidi pale katikati.

Sura

Mji wa Herculaneum ulianza kufukuliwa mwaka 1738, Pompeii mwaka 1748, na vijana wa kitajiri waliokwenda kuitazama Italia walirudi makwao na vichwa vilivyojaa nguzo, mashada na miungu ya kale. Paris nayo ilikuwa imeanza kuchoshwa na mtindo wa Louis XV, wa miguu iliyopinda kama ya mbuzi na mapambo yaliyoelemea upande mmoja. Mtindo mpya ukanyoosha kila kitu.

Louis XVI utaitambua kwa mguu. Umenyooka, unapungua unene kadiri unavyoshuka, na umechongwa mifereji ya wima kama nguzo ya hekalu. Pale mguu wa kiti unapokutana na fremu pana kijitofali cha mraba chenye ua la duara ndani yake. Mgongo wa kiti ni yai au mraba. Mapambo ni utepe uliofungwa fundo, mashada ya majani, vikapu vya maua, mistari ya Kigiriki inayopinda kona kwa kona. Ni mtindo wa sauti ya chini. Hata chumba kidogo kinaubeba.

Empire haibembelezi mtu. Ni mbao pana za mahogani zisizo na njumu, na juu yake vipande vichache vya bronzi ya dhahabu vilivyopangwa kulia sawa na kushoto: mungu wa kike wa ushindi mwenye mabawa, bata maji aliyependwa na Joséphine, mke wa Napoleon, nyuki wa Napoleon, tai, na sphinx, simba mwenye kichwa cha mtu, aliyetamba baada ya vita vya Napoleon huko Misri, 1798 hadi 1801. Pembeni nguzo kamili, chini makucha ya simba. Wasanifu Charles Percier na Pierre Fontaine ndio walioupa mtindo huu sheria zake, na samani walizozichora ziliwazwa kwa ajili ya kumbi za kasri. Ukiiweka kabati ya Empire katika sebule ya mita tatu kwa nne, itakaa kama hakimu aliyealikwa chai jikoni.

Mwigo wa Napoleon III ulichochewa na mapenzi ya mtu mmoja. Eugénie, mke wa kaizari, alimhusudu Marie Antoinette, mke wa Louis XVI, na mwaka 1867 yakafanywa maonyesho ya kumkumbuka malkia huyo katika kasri dogo la Petit Trianon kule Versailles. Mafundi wakairudia Louis XVI kwa mkono mzito: dhahabu zaidi, weusi zaidi, mito minene zaidi. Wapo wanaouita uchafu wa macho. Mimi naona kazi nzuri za kundi hili zina furaha ambayo za awali hazina, ila sizitaki mbili katika chumba kimoja.

Kibweta kinaweza kuchukua sura yoyote kati ya hizi, na ndiyo raha yake. Kuna cha mbao ya mpea iliyotiwa weusi ionekane kama mpingo, yenye njumu za shaba. Kuna cha bronzi ya dhahabu chenye kuta za kioo kilichokatwa ukingo mshazari na kitako cha hariri ndani, kazi ya mwisho wa karne ya 19. Kuna chenye vibao vya kaure vilivyochorwa maua au wapenzi bustanini. Na kuna vile vidogo vya gamba la chaza, vinavyoitwa vya Palais-Royal kwa sababu viliuzwa katika maduka ya eneo hilo la Paris mwanzoni mwa karne ya 19.

Ufundi

Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, chama cha mafundi wa Paris kilitenganisha kazi mbili. Menuisier alichonga mbao nzima nzima: viti, vitanda, makochi. Ébéniste alibandika vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao ghali juu ya kiunzi cha mwaloni. Georges Jacob alikuwa bingwa wa upande wa viti. Jean-Henri Riesener, aliyezaliwa Ujerumani, alikuwa bingwa wa upande wa pili. Ndiye aliyemaliza mwaka 1769 dawati kubwa la Louis XV ambalo Jean-François Oeben alilianza mwaka 1760 na kufa kabla ya kulikamilisha. Riesener pia alimwoa mjane wa Oeben na kurithi karakana. Dunia ya mafundi ilikuwa ndogo.

Vinia ya wakati huo ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, nene kiasi cha kufikia milimita moja au mbili. Unene huo ndio uliofanya njumu za Louis XVI zistahimili kukwanguliwa na kung'arishwa upya kwa zaidi ya miaka 200. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine ilikata vinia nyembamba kuliko milimita moja. Fundi mzembe wa leo akiipitisha msasa mara mbili, mbao ya chini inachungulia.

Mahogani ina habari yake. Sehemu kubwa ilitoka Santo Domingo na Cuba kupitia bandari kama Bordeaux na Nantes, na waliokata miti ile walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani. Hakuna katalogi niliyoona ikitaja hilo pembeni ya neno "mahogani", na kwa hiyo nalitaja mimi. Napoleon alipofunga bandari za bara kwa bidhaa za Uingereza mwaka 1806, mahogani ikaadimika na mafundi wakageukia mbao za kwao kama mjozi. Ukikuta samani yenye umbo la Empire lakini mbao nyeupe ya asali, usidhani imechubuka. Huenda ndiyo kazi ya miaka hiyo au iliyofuata.

Dhahabu nayo ina njia mbili, na kwa mnunuzi wa kibweta hili ni muhimu kuliko mengine yote. Njia ya zamani ni ya zebaki. Dhahabu inachanganywa na zebaki iwe kama uji, inapakwa juu ya bronzi, kisha moto unaifukuza zebaki na kuacha dhahabu imeshika. Mchimbaji mdogo wa Geita anayechoma mchanganyiko wake kwenye kikaango anaijua kemia hiyo, na anajua pia inavyoua. Wapaka dhahabu wa Paris walikufa kwa mvuke uleule. Njia ya pili ni ya umeme, iliyoingia miaka ya 1840. Kampuni ya Christofle ilinunua haki zake kwa Ufaransa mwaka 1842. Geuza kipande cha bronzi utazame mgongo. Zebaki mara nyingi ilipakwa mbele tu, na nyuma utaona shaba chafu, yenye matone ya rangi. Umeme hufunika nyuma na mbele sawasawa, kwa utando mwembamba.

Nilijifunza unene wa utando huo kwa mkono wangu. Kibweta changu cha kwanza nilikisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba, ile ya kopo. Dhahabu ilikuja na kitambaa.

Kwa upande wa mwigo, usidhani mwigo ni kazi duni. Henry Dasson, Alfred Beurdeley na Paul Sormani walikuwa mafundi wa daraja la juu kabisa. Dasson alizoea kugonga jina lake na mwaka. Beurdeley aliacha herufi BY nyuma ya bronzi zake. Kwa ubora wa mkono, kazi yao inaweza kuipita kazi ya kawaida ya enzi ya mfalme.

Uhakiki

Hapa ndipo watu wanapolia. Mbele ya samani yoyote imetengenezwa ili itazamwe, kwa hiyo anza nyuma na chini. Anayejua kukagua kasha la Kizanzibari keshajua nusu ya kazi: hatazami misumari ya shaba, anafungua kifuniko na kunusa.

Kwa Louis XVI, vuta droo na uigeuze. Alama za msumeno ziwe mistari iliyonyooka, isiyolingana. Zikiwa na mapinde ya duara, msumeno wa mashine umepita hapo, na mbao hiyo ni ya karne ya 19 au baadaye. Meno yanayoumana kwenye kona ya droo yawe na tofauti ndogondogo. Skrubu zenye ncha kali zilienea katikati ya karne ya 19; ukizikuta mahali pasipo na dalili ya ukarabati, uliza. Pima meza ya duara kwa futi pande mbili: mbao husinyaa kwa kukatisha nyuzi, na baada ya karne mbili duara huwa yai kidogo. Meza iliyo duara kamili inastahili kutiliwa shaka.

Kisha kuna muhuri. Sheria ya chama ilimtaka fundi bingwa agonge jina lake, na wakaguzi wagonge JME, herufi za chama hicho (jurande des menuisiers-ébénistes), pembeni. Vyama vilifutwa mwaka 1791, hivyo JME ni ushahidi mzuri wa enzi, kama ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mafundi wa mfalme hawakulazimika kugonga, mtengenezaji wa baadaye aliweza kugonga la kwake, na kugushi muhuri ni kazi ya dakika tano. Mwaka 2016 ilifichuka kashfa ya viti bandia vya karne ya 18 vilivyouzwa mpaka kwa Kasri la Versailles lenyewe, na mwaka 2025 mahakama ya Pontoise ikawatia hatiani mtaalamu na fundi waliohusika. Ikiwa waliokuwa na maabara na wanahistoria walidanganyika, wewe mwenye simu na tochi usione aibu kuuliza maswali.

Empire ni rahisi kidogo kuhakiki kwa sababu bronzi zake zinasema mengi. Muhuri wa familia ya Jacob ukiupata unakupa hata miaka: "JACOB FRERES RUE MESLEE" ni 1796 hadi 1803, na "JACOB D R MESLEE" ni 1803 hadi 1813. Lakini baada ya 1791 kugonga hakukuwa lazima, na kukosekana kwa muhuri hakumaanishi lolote. Angalia mashimo yaliyozibwa: bronzi zinazohamishwa kutoka samani moja kwenda nyingine huacha makovu chini ya vinia.

Mwigo wa Napoleon III hauna mtego mwingi, mradi umeuzwa kwa jina lake. Hatari ni ule uliopandishwa cheo. Kama jina Dasson au Sormani limeandikwa kwenye kitasa, hongera, huna haja ya mfalme.

Kibweta kina mitego midogo na mingi. Inua kwanza. Bronzi ni nzito na ya baridi mkononi. Tafuta mkwaruzo mahali pasipoonekana, ndani ya mguu au chini ya bawaba: rangi ya njano ni bronzi au shaba, rangi ya kijivu ni aloi ya zinki, ambayo huvunjika kama biskuti na haiungiki vizuri. Kwenye kaure, herufi mbili za L zilizopishana ni alama ya kiwanda cha Sèvres mpaka mwaka 1793, na ndani yake huwa na herufi ya mwaka. Ni miongoni mwa alama zilizogushiwa kuliko zote duniani. Kibweta cha karne ya 19 chenye vibao "vya Sèvres" karibu daima ni vya karakana nyingine ya Paris, na si dhambi, ila usilipe bei ya Sèvres. Jina la kutafuta kwenye vibweta vya mbao ni Tahan, aliyekuwa na cheo cha mgavi wa Napoleon III. Mara nyingi limechorwa kwenye kitasa. Hariri ya ndani ikiwa mpya kabisa, fahamu kuna aliyeibadilisha, pengine kwa nia njema.

Vibweta na makabati ya vito ya malkia wenyewe yapo, ila huwezi kuyanunua. Kile ambacho Martin Carlin alikitengeneza mwaka 1770 kwa ajili ya Marie Antoinette, chenye vibao vya Sèvres, kiko Versailles. Huko huko liko kabati lake la vito la mwaka 1787, kazi ya Ferdinand Schwerdfeger. La Joséphine, la Jacob-Desmalter wa mwaka 1809, liko Louvre. Yeye hakukaa nalo sana. Desemba ya mwaka huohuo ikaja talaka, na kabati likabaki kwa mke mpya, Marie-Louise.

Makazi

Gundi ya kale ilipikwa kwa ngozi na mifupa. Unyevu mwingi huilegeza, ukavu mwingi huivunja, na kinachoiumiza zaidi ni kubadilishwa hali asubuhi na jioni. Chumba chenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndicho kinachozifaa samani hizi. Nyumba ya Mombasa au Tanga yenye madirisha wazi iko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Nyumba ya Muscat au Dubai yenye kiyoyozi usiku na mchana inaweza kukauka, na siku umeme ukikatika ikafurika unyevu wa nje kwa saa tatu.

Katika hali hizo Louis XVI yenye njumu ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa vipande vidogo ni vingi na kila kimoja kinaweza kuinuka. Viti vya Louis XVI vya mbao nzima ni afadhali, ila vikabidhi kwa mchwa na bungua uone: mwaloni na mjozi hazina uchungu wa mvule. Empire ina vinia pana; ikipasuka, hupasuka mstari mmoja mrefu ambao fundi mzuri anaweza kuuziba. Mwigo wa Napoleon III wenye vinia nyembamba huinuka kingo, na weusi wake hupauka kwa jua la dirishani. Kibweta cha bronzi na kioo hakijali sana hewa. Chumvi ya baharini tu ndiyo adui yake. Kibweta cha njumu za shaba ndani ya gamba ni kinyume chake. Shaba haisogei, mbao inasogea, na baada ya kiangazi kimoja vijistari vya shaba vinasimama kama miiba ya samaki.

Kwa matumizi, droo za Empire ni pana na kabati zake zinafanya kazi mpaka leo. Viti vya mwigo vina mito ya kukalia kweli. Viti vya Louis XVI havikutengenezwa kwa mtu anayejitupa baada ya kazi.

Halafu mpaka. Gamba linalotumika katika njumu hizo za shaba na gamba, zinazoitwa za mtindo wa Boulle, ni la ng'amba, kasa yuleyule ambaye magamba yake yaliuzwa kutoka pwani yetu tangu zama za mabaharia wa Kigiriki na Kirumi. Leo ng'amba yumo katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Pembe za ndovu vilevile: Umoja wa Ulaya unavipa nafasi maalumu vitu vilivyochongwa kabla ya Machi 1947, Uingereza ilianza kutekeleza sheria yake ya pembe Juni 2022, na kila nchi ina karatasi zake. Kibweta kidogo chenye ufito wa pembe kwenye tundu la ufunguo kinaweza kukusimamisha uwanja wa ndege wa Nairobi au Dar es Salaam kwa muda usioupenda. Kama una mpango wa kusafiri nacho, chukua kisicho na gamba wala pembe, au pata vibali kabla ya tiketi.

Uzito nao si wa kusahaulika. Bamba la marumaru la sentimita 120 kwa 55, unene sentimita 2, linakaribia kilo 36 peke yake, na lazima lisafiri wima. Likilazwa, linakatika kwa uzito wake.

Mfuko

Bei za samani za kahawia za kale zimeshuka Ulaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu nyumba zimepungua ukubwa na vijana wanataka nyeupe na chuma. Matokeo yake ni kioja: kabati la kawaida la enzi ya Louis XVI, lisilo na muhuri mkubwa, linaweza kuuzwa chini ya mwigo wa karne ya 19 wenye jina la Dasson au François Linke. Empire ya kawaida nayo inapatikana kwa bei ya fenicha mpya nzuri, hasa kubwa kupita kiasi ambazo hazipiti mlangoni. Vibweta ndivyo vyenye ngazi nyingi zaidi, kuanzia bei ya viatu hadi bei ya gari.

Mnadani, kama wa Hôtel Drouot wa Paris, kumbuka kwamba bei ya nyundo si bei ya mwisho. Ada ya mnunuzi huzidi asilimia 20 mara nyingi. Katika soko la Saint-Ouen ada hiyo haipo, ila kuna mazungumzo, na anayezungumza Kifaransa cha Kinshasa au Lubumbashi anaanza akiwa mbele yangu.

Kwa hali yako

Nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi: kibweta cha bronzi na kioo, au viti vya mbao nzima vya mwigo vilivyotiwa dawa ya wadudu. Acha njumu.

Fleti ndogo ya Ulaya yenye kipasha joto: Louis XVI nyepesi, kiti au kimeza, mbali na kipasha joto hicho kwa mita mbili hivi. Kabati la Empire litakula chumba.

Nyumba yenye ukumbi mpana na ukuta mtupu, na mtu anayetaka kitu kimoja kiseme: Empire, na usiongeze kingine kando yake.

Anayetaka kukalia, kufungua na kufunga kila siku, watoto wakiwamo: mwigo wa karne ya 19 usio na jina kubwa. Ukichubuka utaumia kiasi.

Anayekusanya ili ajifunze, mwenye subira kuliko fedha: samani ya enzi ya Louis XVI isiyo na muhuri, yenye makovu ya wazi. Makovu hayo yanafundisha zaidi ya kipande kilichokarabatiwa kikawa kipya.

Zawadi ya bibi harusi: kibweta, lakini pima pete na bangili kwanza. Vingi vilitengenezwa kwa vito vidogo vya Kifaransa, na bangili za dhahabu za Zanzibar au Oman hazifungiki ndani.

Anayehama nchi kila miaka mitatu: kibweta tena, kisicho na gamba wala pembe, na risiti yake ndani.

Binamu yangu alivuta droo ya juu ya lile kabati, akaigeuza na kunitumia picha. Mapinde ya msumeno wa mashine yalikuwa yamejaa chini yake kama mawimbi. Akauliza bei ya kibweta, akakwaruza kidogo ndani ya mguu kwa ncha ya ufunguo wa nyumba yake, akaona njano, akalipa. Ufunguo wa kibweta haukuwapo. Fundi kufuli wa mtaani kwao alimchongea mwingine kwa bei ya chakula cha mchana.